Chuo Chako cha Mtandaoni Kinakujua Kuliko Mathe. Nani Analinda Hiyo Data?

Hebu piga hesabu kidogo. Siku ile uliomba nafasi kwenye kozi ya mtandaoni, ulituma nini? Kitambulisho, mbele na nyuma. Cheti cha KCSE. Cheti cha kuzaliwa. Picha ya pasipoti. Namba ya simu, ile ile yenye M-Pesa yako. Barua pepe. PIN ya KRA. Jina la mzazi, namba yake, kazi yake, na kama ulikuwa unasaka mkopo ama basari, hata doo anazopata kwa mwezi. Yote hayo uliyapakia ukiwa kwa keja ama kwa saiba ya mtaa. Nusu saa, kazi imeisha.

Sasa jiulize: hizo faili ziko wapi sai? Nani anaweza kuzifungua? Na ukimaliza kozi, ama ukiiacha katikati, nani atazifuta?

Wasee wengi hawana jibu. Vyuo vinakuambia karo ni ngapi na masomo yanaanza lini, lakini vikifika kwa mambo ya data vinakuwekea kisanduku kidogo cha tiki chini ya fomu, unabonyeza, mnaendelea. Leo tukifungue hicho kisanduku tuone kuna nini ndani.

Mbona hii ni story ya sai

Kusoma mtandaoni kulikuwa kitu cha watu wachache hadi Corona ilipofunga shule na vyuo Machi 2020. Baada ya hapo mambo hayakurudi yalivyokuwa. Tarehe 3 Agosti 2023, Rais Ruto alizindua Open University of Kenya pale Konza, chuo kikuu cha umma kilichojengwa kufundisha mtandaoni. Vyuo vya zamani navyo vina vitengo vyao vya masomo ya mbali. Halafu kuna vyuo vidogo vya kibinafsi ambavyo ofisi yao ni chumba kimoja River Road na tovuti.

Na imesaidia watu, hatuwezi kukataa. Msee anauza viatu Gikomba mchana, usiku ako darasani. Nesi wa Lodwar anasoma digrii bila kupanda basi. Dada aliye kazini Doha anamalizia diploma yake kwa simu.

Shida iko hapa. Chuo cha kawaida kina geti. Soja anakuangalia sura, anaitisha kitambulisho, anakujua kwa jina ukishakaa miaka miwili. Chuo cha mtandaoni geti lake ni vitu viwili tu: namba yako ya usajili na pasiwadi. Mwenye hivyo viwili ndiye wewe. Anaweza kufungua faili zako, kubadilisha namba ya simu, kutuma kazi kwa jina lako, hata kuandika barua ya kuacha masomo. Mfumo hauna macho ya kumtambua.

Na namba ya usajili si siri. Imeandikwa kwenye kila CAT uliyowahi kutuma na kila orodha iliyowahi kuzunguka. Kwa hivyo kwa ukweli, geti lote limebaki kuwa pasiwadi peke yake.

Kile chuo kinajua kukuhusu

Gawanya data yako mafungu matatu.

La kwanza ni utambulisho: majina matatu, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, picha. Hivi ndivyo vitu mtu anahitaji akitaka kujifanya wewe.

La pili ni pesa: umelipa nini, unadaiwa ngapi, nani anakulipia, mkopo wa HELB umefika wapi.

La tatu ni maisha yako. Ulifeli somo gani. Uliahirisha muhula kwa sababu ya ujauzito, ugonjwa au matanga. Uliitwa kamati ya nidhamu. Sura yako kwenye kamera ya mtihani, na ukuta wa chumba chako nyuma yake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema kuna data nyeti kuliko nyingine: hali ya afya, kabila, imani, alama za mwili kama sura na vidole, hali ya ndoa, mali, na hata habari za familia yako, yakiwemo majina ya wazazi, mke au mume na watoto. Angalia tena ile fomu ya kujiunga na chuo. Karibu nusu ya maswali yako kwenye hiyo orodha.

Ikitoka, inaenda wapi?

Kuna msee atakuambia, "Mimi sina kitu, waibe nini?" Hebu mkumbushe Juni 2021. Wakenya walipoingia eCitizen kuangalia rekodi za Msajili wa Vyama vya Siasa, maelfu walijikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kuvipigia saluti. Mtu alikuwa na majina yao na namba zao za kitambulisho, na hiyo ikatosha. Hakuna aliyevunja mlango wa nyumba ya mtu.

Hapo ni siasa. Kwa upande wa pesa ni mbaya zaidi, kwa sababu tapeli mzuri huhitaji ukweli kidogo ndio akuuzie uongo mkubwa. Msee akikupigia na kusema umeshinda laki moja, unakata simu. Lakini akikupigia akikutaja majina matatu, akataja kozi yako, namba yako ya usajili na baki halisi ya karo, halafu akasema kwa sauti ya ofisi kwamba mtihani unaanza Jumatatu na paybill imebadilika? Hapo hata mjanja anatuma. Mzazi kule kijijini ndiye atatuma haraka zaidi, na namba yake iko kwenye fomu.

Kwa hivyo ukisikia data ya chuo imevuja, usifikirie kompyuta. Fikiria mathe yako akiuza mbuzi kulipa karo ambayo haikufika chuoni.

Wenzetu walivyochomeka

Kama unadhani hii ni shida ya vyuo vya River Road pekee, cheki majuu.

Desemba 2024, kampuni ya Marekani inayoitwa PowerSchool, inayohifadhi rekodi za wanafunzi wa shule nyingi sana Marekani na Kanada, iliingiliwa. Mwizi hakuja na maujanja ya sinema. Alitumia pasiwadi iliyoibwa kuingia kwenye ukurasa wa wafanyakazi wa kutoa usaidizi kwa wateja, na kutoka hapo akavuta data ya zaidi ya wanafunzi milioni 60 na walimu karibu milioni 10. Kampuni ikalipa fidia ili data ifutwe. Miezi michache baadaye, Mei 2025, shule zikaanza kupata vitisho upya kwa data ile ile. Aliyekamatwa na kuhukumiwa miaka minne jela alikuwa mwanafunzi wa chuo, miaka 19.

Ndani ya hiyo kesi kuna kitu kinauma zaidi. Bodi ya shule za Toronto ilisema data iliyoguswa ilikuwa ya wanafunzi wa kuanzia 1985. Watu walimaliza shule, wakaoa, wakapata wajukuu, na bado rekodi zao zilikuwa zimekaa mahali zikingoja mwizi.

Kisha kuna Chegg, jina ambalo wasee wa kuandikia watu assignment hapa Nairobi wanalijua vizuri. Mwaka wa 2018, mtu aliyewahi kufanya kazi ya kandarasi na kampuni hiyo alitumia ufunguo mmoja mkubwa, uliokuwa ukitumiwa na watu wengi kwa pamoja, kuingia kwenye hifadhi na kuondoka na data ya watumiaji karibu milioni 40. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilipochunguza ilisema pasiwadi zilikuwa zimefichwa kwa njia ya kizamani, rahisi kuvunja. Kwenye data hiyo kulikuwa na mapato ya wazazi, dini na ulemavu wa baadhi ya wanafunzi waliokuwa wakitafuta basari. Vitu ulivyoandika ukitafuta msaada ndivyo vilivyoibwa.

Na mwaka wa 2020, ProctorU, kampuni inayosimamia mitihani kwa kamera, ilijikuta na rekodi kama 444,000 za watumiaji zikizunguka kwa majukwaa ya wadukuzi.

Ona zinavyofanana. Pasiwadi moja iliyoibwa. Ufunguo mmoja wa watu wengi. Data ya zamani ambayo haikufutwa. Hakuna kati ya hizo iliyohitaji fundi wa ajabu upande wa mwizi. Zote zilihitaji uzembe upande wa mwenye nyumba.

Chuo kinachojielewa hufanya nini

Hapa ndio ujue vile utapima chuo chako. Huhitaji digrii ya kompyuta.

Kwanza, hakijui pasiwadi yako. Mfumo mzuri, kama Moodle ambayo vyuo vingi hutumia, hauhifadhi pasiwadi yenyewe. Unaisaga, unaweka unga wake, na ukiingia tena unasaga ulichoandika na kulinganisha unga kwa unga. Unga haurudi kuwa mahindi. Sasa, ukibonyeza "nimesahau pasiwadi" na chuo kikakutumia ile ile ya zamani kwa barua pepe, manze hapo pana noma. Inamaanisha mahindi yako mazima yako stoo.

Pili, kinaitisha kitu cha pili mlangoni. Pasiwadi pamoja na namba fupi kutoka kwa programu kwenye simu yako. Na hii si ya wanafunzi tu. Lec, mhasibu na fundi wa mfumo ndio wanaihitaji zaidi, kwa sababu akaunti yako ikiibwa umeumia wewe, ya fundi ikiibwa tumeumia sote. PowerSchool iliangukia hapo.

Tatu, kinagawa funguo. Lec wa uhasibu anaona marks za darasa lake, haoni barua yako ya hospitali. Mtu wa karo anaona karo, haoni marks. Na mfanyakazi akiacha job Ijumaa, akaunti yake inafungwa Ijumaa hiyo hiyo.

Nne, mfumo unaandika nani alifungua nini na saa ngapi. Marks zikibadilika usiku wa manane, kuna pa kuanzia.

Tano, kina nakala mahali pengine. Julai 2023 eCitizen ilipolemewa na shambulio, nchi nzima iliona vile huduma zikilala kila kitu kinalala. Hapo mtandao ulizibwa tu kwa fujo ya maombi mengi ya uongo. Wezi wakiifunga data yenyewe na kuitisha fidia, chuo kisicho na nakala kitalipa ama kipoteze miaka yako minne.

Sita, kina tarehe ya kufuta. Uliomba nafasi 2021 ukakosa, ama ukapata na hukuenda. Kwa nini kitambulisho chako bado kiko kwao? Sheria inasema data ihifadhiwe kwa muda unaohitajika pekee. Matokeo yako yabaki, utakuja kuyahitaji. Picha ya kitambulisho ya mtu ambaye hakuwahi kusoma pale haina kazi.

Na ile kufuli ndogo kwenye anwani ya tovuti? Inamaanisha tu kwamba njia kati ya simu yako na tovuti imefungwa, watu wa katikati hawasomi. Haikuambii aliye upande ule mwingine ni nani. Hata tapeli ana kufuli. Kinachosaidia zaidi ni kusoma anwani ukianzia mwisho wake: .ac.ke imetengewa taasisi za elimu ya juu, na haiuzwi kwa kila mtu kama .com. Ukiona jina la chuo kikubwa halafu mwisho wake ni kitu cha ajabu, toka polepole.

Uvujaji wa kila siku hauna mdukuzi

Hizo kesi kubwa zinaingia kwa habari. Lakini mara nyingi data ya comrade inatoka kwa njia za kawaida kabisa.

Grupu ya WhatsApp. Kiongozi wa darasa anatuma PDF ya matokeo: majina, namba za usajili, marks, wakati mwingine namba za kitambulisho na simu. Grupu ina watu 240, na wengine waliingia kwa linki, hakuna anayejua ni kina nani. Hiyo PDF haitarudi tena.

Fomu za haraka. "Jaza hapa majina, kitambulisho, na namba ya M-Pesa upate bando za masomo." Nani ameitengeneza? Mara nyingine ni chuo kweli, lakini aliyeitengeneza ameacha majibu yakionekana na kila mwenye linki.

Saiba. Ulienda kujisajili, jamaa wa saiba akakusaidia, akakuundia barua pepe na pasiwadi, akaziandika kwa daftari lake. Vyeti vyako alivyoskani bado viko kwa kompyuta yake, vimelala pale mbele ya kila mteja anayekaa kiti hicho. Jamaa mwenyewe anaweza kuwa mtu mpoa. Anayekuja kukaa baada yako humjui.

Na hii ya mwisho tuiseme wazi kwa sababu watu wanaificha: msee unayemlipa akufanyie CAT. Umempa namba na pasiwadi aingie kama wewe. Sasa ana kitambulisho chako, namba ya mzazi, marks zako, na juu ya yote ana siri yako. Siku mtakosana kuhusu malipo, atakupiga picha za skrini atishie kuzituma kwa chuo. Utaripoti wapi, na utaanza kueleza vipi?

Kamera kwa chumba

Mtihani wa mtandaoni umeleta swali jipya. Chuo kina haki ya kuhakikisha huibi mtihani, hiyo iko sawa, cheti chako kinahitaji heshima. Lakini kamera inawashwa kwa chumba cha kulala, pengine ni keja ya chumba kimoja na wadogo zako wako nyuma. Video inaenda wapi? Inakaa muda gani? Nani anaitazama, mtu au programu?

Marekani waliipeleka kortini. Agosti 2022, jaji wa mahakama ya serikali kuu kule Ohio aliamua kwamba Cleveland State University, chuo cha umma, kilivunja haki ya mwanafunzi kwa kumlazimisha azungushe kamera chumbani kabla ya mtihani. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu. Lakini sisi tunazo zetu, na zinaelekea huko huko.

Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema uzinduzi wa kadi za Huduma Namba ulikuwa batili, kwa sababu serikali haikufanya tathmini ya athari kwa data za watu kabla ya kuanza. Mei 2025 Mahakama Kuu tena ikaamuru Worldcoin, ile ya kupiga foleni KICC kuskaniwa macho upate tokeni, ifute data hiyo ndani ya siku 7. Hapo pia tathmini haikufanywa ilivyotakiwa, na ridhaa ilikuwa imenunuliwa.

Funzo kwa chuo ni hili: ukitaka sura za watu, kwanza andika kwa karatasi hatari ziko wapi na utazizuia vipi. Na "kubali au usifanye mtihani" ni ridhaa ya aina gani? Kama mwanafunzi hana njia nyingine, mfano kufanya mtihani kwenye kituo kilicho karibu naye, huwezi kusema alikubali kwa hiari.

Sheria iko upande wako, lakini lazima uiamshe

Kifungu cha 31 cha Katiba kinakupa haki ya faragha. Sheria ya 2019 ikaipa meno, na Ofisi ya Kamishna wa Data, ODPC, ikapata kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, Novemba 2020.

Biashara ndogo nyingi zimesamehewa kujisajili na ODPC. Taasisi za elimu hazijasamehewa. Hata chuo cha chumba kimoja lazima kijisajili, na cheti chake ni cha miezi 24. Orodha ya waliojisajili iko kwa tovuti ya ODPC. Hiyo ndiyo cheki ya kwanza kabla hujatuma hata picha ya pasipoti.

Una haki ya kuambiwa data yako inatumika kwa nini, kuiona, kukataa isitumike kwa jambo fulani, kurekebishiwa ikiwa na makosa, na kufutiwa ikiwa haihitajiki ama ni ya uongo. Ukiitisha kuona data yako, kanuni za 2021 zinawapa siku 7 wakujibu.

Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwako, chuo kina saa 72 kumjulisha Kamishna tangu kijue. Na wewe pia lazima uambiwe, kwa maandishi. Kusikia kwa grupu si kujulishwa.

Chuo hakiruhusiwi kuuza namba yako kwa kampuni ya mikopo au ya mashamba bila wewe kukubali waziwazi. Na kama kinahifadhi data yako kwenye seva za nje ya nchi, lazima kionyeshe kwamba huko nako kuna ulinzi.

Na ODPC huwa inapiga. Septemba 2023 Roma School ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo klabu ya Casa Vera ikatozwa 1,850,000 kwa picha ya mteja mtandaoni, na kampuni ya mikopo Mulla Pride 2,975,000 kwa kusumbua watu na namba zilizotolewa kwa simu za wengine. Kumbuka shule ndiyo iliyopigwa kubwa kuliko wote.

Ila tusidanganyane, hayo meno yana mipaka. Faini ya juu ni shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, na inachukuliwa iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kwa chuo kikubwa chenye wanafunzi maelfu, hiyo ni pesa ya kulipa na kusahau. Kwa chuo kidogo, asilimia 1 ni kidogo sana. Kinachoweza kuuma zaidi ni kwamba sheria inakuruhusu wewe mwenyewe kudai fidia kwa madhara uliyopata, hata kama ni ya kusumbuliwa roho bila kupoteza pesa. Wanafunzi 300 wakidai kila mmoja yake, hapo bodi ya chuo itakaa kikao.

Na tatizo kubwa zaidi ni kimya chetu. Ofisi haiwezi kujua lec wako ametuma PDF kama hakuna aliyeiambia.

Kuwa rada: fanya hivi wiki hii

1. Badilisha pasiwadi ya chuo leo. Isiwe namba ya usajili, isiwe jina lako na mwaka, na isiwe ile ya Facebook. Sentensi fupi ya maneno manne matano ya kuchekesha ni ngumu kuvunja na rahisi kukumbuka. Kama uliundiwa akaunti saiba, hii ni ya dharura.

2. Linda barua pepe kuliko kila kitu. Mwenye barua pepe yako anabonyeza "nimesahau pasiwadi" na kuchukua zingine zote. Weka uthibitisho wa hatua mbili hapo kwanza.

3. Funga laini yako. Kwa Safaricom, *100*100# inazuia watu kubadilisha SIM yako kiholela. *106# inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, ripoti.

4. Andika juu ya nakala ya kitambulisho. Kabla ya kutuma, weka maandishi katikati ya picha: "Ya usajili wa chuo fulani pekee", na tarehe. Msee akiiba hiyo picha, itamsumbua kuitumia kwingine.

5. Paybill toa kwenye potali yako mwenyewe, usitoe kwa SMS wala kwa grupu. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Mwambie mzazi pia: chuo hakibadilishi paybill kwa simu ya ghafla. SMS ya tapeli itume 333, ni bure.

6. Saiba, tumia dirisha la faragha, toka kwenye akaunti, futa vyeti ulivyopakua na umwage kapu la takataka. Kisha badilisha pasiwadi ukifika nyumbani.

7. Andikia chuo barua pepe fupi. Uliza maswali matatu: mmesajiliwa na ODPC? Data yangu na video za mtihani mnazihifadhi wapi na kwa muda gani? Afisa wenu wa ulinzi wa data ni nani? Hesabu siku.

8. Wasipojibu, ama PDF ya marks ikizunguka, piga picha ya skrini yenye tarehe na upeleke malalamiko ODPC. Huhitaji wakili. Wana siku 90 za kuchunguza na kuamua.

Na wewe kiongozi wa darasa unayesoma hii: ile PDF, usiitume. Mwambie lec aweke marks kwenye potali, kila mtu aone yake. Hiyo peke yake italinda watu wengi kuliko programu yoyote ya bei ghali.

Vyuo hivi vimefungulia watu mlango ambao ulikuwa umefungwa miaka mingi, na tunataka viendelee. Lakini chuo kinachoweza kukufukuza kwa kuchelewa kulipa karo kwa wiki mbili kiweze pia kukueleza, kwa Kiswahili rahisi, kitambulisho chako kimekaa wapi. Kisipoweza, umejua unashughulika na nani kabla hujalipa muhula mwingine.

Chuo chako kilikujibu nini? Tuchanue.